CHUNJUA NA DAWA YA MAJIVU: ONYO LA WAGANGA WA KALE WA BARA HINDI

Leo tunazungumza juu ya chunjua, yale manundu madogo, magumu, yenye kukwaruza, yanayoota kwenye vidole, magoti na nyayo za watoto wetu.

Akina mama wengi wanapokuja kliniki huuliza, "Sista, nimesikia kuna dawa ya asili ya Kihindi inayokausha chunjua. Je, nimpake mtoto?" Ni swali zuri. Ili tulijibu vizuri, inafaa tujue dawa hiyo ilitoka wapi, na wale waliokuwa wa kwanza kuiandika walisema nini.

Kitabu cha Sushruta

Elimu ya tiba ya asili ya Bara Hindi inaitwa Ayurveda. Mojawapo ya vitabu vyake vikuu kinaitwa Sushruta Samhita, na kiliandikwa kwa lugha ya Kisanskriti. Kina umri wa zaidi ya miaka 1,500, na kinahusu sana upasuaji. Ndani yake chunjua zimetajwa pamoja na uvimbe na vidonda sugu, na dawa yake mojawapo ni kuziunguza kwa maji makali ya majivu.

Mama kutoka magharibi mwa Kenya ataelewa upesi. Yeye hupika mboga kwa munyu unaochujwa kutoka kwa majivu ya mimea. Waganga wa Bara Hindi walianza vivyo hivyo, lakini wakaendelea mbali zaidi. Walichoma mti wa dawa, wakatia sehemu moja ya majivu katika sehemu sita za maji, wakachuja kwa kitambaa mara 21, halafu wakachemsha na chokaa mpaka maji yakawa mazito. Kilichobaki hakikuwa cha kupikia mboga. Kilikuwa kitu kikali kinachokula ngozi.

Waliigawa dawa hiyo katika aina tatu: hafifu, ya wastani na kali. Mganga alipaka mahali pagonjwa tu, akasubiri kwa muda wa kuhesabu hadi 100, kisha akatuliza kwa kitu kichachu, samli na asali. Uchachu huzima ukali wa magadi, na hao watu walilijua jambo hilo karne nyingi kabla ya maabara za leo.

Onyo lililosahaulika

Sasa sikiliza kwa makini, mama. Kitabu hicho hicho kinataja watu wasiopakwa dawa hiyo. Miongoni mwao ni watoto, wazee, watu dhaifu na wanawake wajawazito. Tena kinaonya kwamba dawa hii mikononi mwa mtu asiye na ujuzi ni sawa na sumu, moto au silaha.

Hivyo ndivyo walivyoandika wenye dawa wenyewe. Bahati mbaya ni kwamba habari ya dawa imesafiri mbali, lakini onyo lake lilibaki kitabuni.

Kuna dawa nyingine ya Ayurveda iliyopata yayo hayo. Ni tunda la mti uitwao bhallataka. Madobi wa Bara Hindi walitumia utomvu wake mweusi kutia alama nguo za wateja, na watu wengine walitokwa na upele pale alama ilipogusa ngozi. Kwa hiyo waganga hawakulitumia likiwa bichi. Walilisugua kwanza kwa unga wa matofali ili kulipunguza ukali. Bhallataka ni ndugu wa mkorosho. Mama wa Kilifi au Kwale anayebangua korosho anajua jinsi mafuta ya maganda yake yanavyochubua vidole.

Mwaka 1907

Elimu ya Bara Hindi haikuwa ngeni kwetu. Wafanyabiashara wa Gujarat walifika pwani yetu kwa majahazi karne nyingi zilizopita, na wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli kati ya 1896 na 1901. Mwarobaini tunaoujua sote asili yake ni huko.

Mwaka 1907 sehemu ya kwanza ya kitabu cha Sushruta, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na Kunjalal Bhishagratna, ilichapishwa Calcutta. Mwaka huo huo, nchini Italia, daktari Giuseppe Ciuffo alisaga chunjua, akachuja maji yake kwa chujio laini lisilopitisha bakteria, akajidunga mwenyewe ngozini. Baada ya miezi kadhaa chunjua zikaota. Hapo ikajulikana kwamba chunjua huletwa na kiini kidogo kuliko bakteria, yaani virusi. Leo tunaviita HPV.

Jambo hili linatueleza mengi. Chunjua hazitokani na kugusa chura wala kuhesabu nyota. Kinga ya mwili ikishavitambua virusi, chunjua hukauka zenyewe. Kwa watoto, takribani theluthi mbili huisha katika miaka miwili bila dawa yoyote. Ndiyo sababu kila dawa ina shahidi wake. Mama alipaka manjano au mwarobaini, chunjua ikapotea, na sifa ikaenda kwa manjano. Huenda ni mwili wa mtoto uliofanya kazi hiyo.

Nyumbani tufanye nini?

Kama chunjua haimsumbui mtoto, kungoja ni matibabu pia. Ikiwa inauma au inamtia aibu shuleni, muulize mhudumu wa afya kuhusu dawa yenye asidi ya salisiliki. Loweka mahali hapo katika maji ya uvuguvugu, sugua taratibu ngozi iliyokufa, paka dawa juu ya chunjua tu, na uwe na subira ya wiki kadhaa. Usiipake usoni wala sehemu za siri.

Usitumie magadi makali, maji ya betri, mafuta ya korosho wala utomvu wa mnyaa. Utomvu huo ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Kama mtoto ameshapakwa na anaungua, mwoshe mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha mpeleke hospitalini. Usimtilie ndimu.

Usikate chunjua kwa wembe, na taulo isitumiwe na watu wawili. Mpeleke mtoto kituo cha afya kama chunjua iko usoni au sehemu za siri, inatoka damu, inakua haraka, au zimeenea mwili mzima. Mtu mwenye kisukari au virusi vya UKIMWI naye asijitibu nyumbani.

Wewe mama ukiwa na chunjua sehemu za siri, usione haya. Mwambie muuguzi, na umweleze kama una mimba, kwa sababu dawa nyingine hazimfai mjamzito. Aina nyingine za HPV ndizo huleta saratani ya mlango wa kizazi. Tangu 2019 Kenya inawapa wasichana chanjo ya HPV kuanzia umri wa miaka 10, kwa hivyo mpeleke binti yako akachanjwe.

Ujumbe wa leo

Mama, ukiletewa dawa ya kale, uliza na onyo lake la kale. Waganga wa Bara Hindi walikataa kumpaka mtoto dawa ya kuunguza. Chunjua itapona na kusahaulika, lakini kovu la moto mtoto atazeeka nalo.