Unga Mweupe wa Deepwater

Asubuhi ya tarehe 6 Aprili 1938, katika maabara ya kampuni ya DuPont iliyokuwako Deepwater, jimbo la New Jersey huko Marekani, mkemia kijana Roy Plunkett, aliyekuwa akitafuta gesi ya majokofu isiyo na sumu wala kushika moto, alifungua vali ya mtungi mdogo alioujaza gesi ya tetrafloroethilini na kuuhifadhi katika barafu kavu, na hakikutoka kitu. Mwenye pupa angalisema mtungi umevuja, akautupa. Lakini yeye na msaidizi wake Jack Rebok waliupima, wakauona una uzito wa gesi ile ile waliyoitia, na kwa kuwa uzito hauna hila, wakaukata kwa msumeno. Ndani mlikuwamo unga mweupe wenye utelezi: gesi ilikuwa imejiunga yenyewe kwa yenyewe, ikawa plastiki.

Plunkett alipoujaribu unga huo alistaajabu, maana hakupata kimiminiko cha kuuyeyusha, tindikali kali hazikuudhuru, na joto liharibulo plastiki nyingine halikuuharibu. Siri yake ni kwamba uti wa kaboni umevishwa atomi za florini pande zote, zikaushika kwa nguvu kubwa mno, wala hazikuacha mwanya wa kitu kingine kuingia. Na kwa sababu hiyo hiyo haugandami na chochote, na msuguano wake ni haba kuliko wa karibu kila kitu kigumu kijulikanacho.

Hataza ilitolewa mwaka 1941, lakini kitu chenyewe kilikuwa ghali na hakikuwa na mnunuzi, na yamkini kingalisahauliwa kabatini lau si vita. Wale waliokuwa wakitengeneza bomu la atomiki kwa siri walilazimika kuipitisha heksafloridi ya urani, gesi ilayo gasketi na vizibo vya kawaida, katika mabomba na vali zisizo na idadi huko Oak Ridge, Tennessee. Hapo ndipo unga wa Deepwater ulipopata kazi, na bei haikuulizwa. Umma haukupata kuununua ila mwaka 1946, kwa jina la Teflon.

Kuufanyia kazi kulikuwa taabu, na taabu hiyo ilitokana na sifa zake zile zile. Ukifika nyuzi 327 za Selsiasi huyeyuka, lakini huwa mzito hata hautiririki, basi haumiminwi katika kalibu kama plastiki nyingine. Sharti ushindiliwe ukiwa baridi, kisha uokwe tanuuni, kama mfinyanzi afanyavyo chungu chake, na baadaye ukerezwe. Tena una ila moja ambayo wauzaji hawapendi kuitaja: ukibanwa kwa bolti muda mrefu hutambaa polepole, gasketi ikalegea, na kwa hivyo mafundi huuchanganya na nyuzi za kioo, kaboni au shaba nyeusi ili upate ukakamavu. Hivyo ndivyo ulivyoingia katika bitana za mabomba ya tindikali, katika nyaya za ndege, katika egemeo za madaraja zinazoruhusu chuma kutanuka juani. Na kwetu, katika ule utepe mweupe ambao fundi bomba huzungusha juu ya hesi, mahali pa katani na rangi walizotumia wazee wake.

Walimwengu, hata hivyo, waliujua kwa kikaango, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo dogo kuliko yote. Mfaransa Marc Grégoire aliichokonoa aluminiamu kwa tindikali mpaka ikawa na vishimo vidogo mno, unga ukapata mahali pa kushika; mwaka 1956 kampuni ya Tefal ikaanzishwa.

Lakini unga huo una upande wake mchungu pia. Katika kiwanda cha DuPont karibu na Parkersburg, West Virginia, tangu mwaka 1951 ilitumika dawa iitwayo C8 kusaidia kuutengeneza unga huo, dawa isiyooza, ambayo iliingia katika maji ya kunywa ya majirani. Mwaka 2012 jopo la wanasayansi lilitamka kwamba yamkini C8 inahusiana na maradhi sita, zikiwamo saratani za figo na korodani. Viwanda vya Marekani vilikubali kuiacha kufikia 2015, na mwaka 2017 DuPont na Chemours, kampuni iliyozaliwa nayo, zikakubali kulipa dola milioni 671 kuzimaliza kesi za watu zaidi ya 3,500.