John Gagliardi, kocha aliyekataza kuangushana mazoezini

Futiboli ya Kimarekani si kandanda tuliyoizoea. Mpira wake umechongoka pande mbili, hubebwa mikononi, na anayeubeba hukabwa na kuangushwa chini. Majeraha ni mengi, hasa ya kichwa.

Kocha aliyeshinda mechi nyingi kuliko wote katika mchezo huo vyuoni hakutoka chuo kikubwa. John Gagliardi alifundisha Saint John's, chuo cha Kikatoliki jimboni Minnesota. Kipo daraja la tatu, ambako wachezaji hawalipiwi ada kwa sababu ya kipaji cha michezo.

Alizaliwa mwaka 1926 jimboni Colorado. Mwaka 1943 kocha wa shule yake aliitwa vitani, naye Gagliardi, mchezaji wa miaka 16, akashika nafasi hiyo. Akaanza kufuta mazoezi yaliyowachosha wenzake bure.

Mwaka 1949 alianza kufundisha chuo cha Carroll, Montana, na mwaka 1953 akahamia Saint John's, alikokaa hadi 2012. Mazoezini hakuruhusu kuangushana wala filimbi. Wachezaji hawakumwita kocha, walimwita John.

Je, timu yake ililegea? Alishinda mechi 489, akapoteza 138, akatoka sare 11. Alitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1963, 1965, 1976 na 2003.

Mwaka 2016 makocha wa vyuo vya Ivy League nao walikubaliana kuacha kuangushana katika mazoezi ya msimu, ili kulinda vichwa vya vijana. Gagliardi alifariki mwaka 2018, akiwa na miaka 91.