Ganda la mtofaa na sukari ya mama

Mama yangu ana ugonjwa wa sukari. Mwaka jana, hapa Nakivale, aliacha vidonge akawa anachemsha maganda ya mti. Alipopimwa, kipimo kilisoma 19. "Vidonge ni vya kiwandani, mwanangu. Mti ni wa Mungu." Sikubishana naye, nikamsimulia historia.

Mwaka 1835 Wabelgiji wawili, de Koninck na Stas, walipata kitu kichungu kwenye ganda la mizizi ya mtofaa: florizini. Ni mojawapo ya polifenoli, kemikali ambazo mimea hujitengenezea. Kwa uchungu wake, watu wakadhani itatibu homa kama kwinini.

Mwaka 1886, Ujerumani, Joseph von Mering aliwapa mbwa florizini. Mkojo wao ukajaa sukari! Kawaida figo huirudisha sukari kwenye damu. Florizini inazuia hiyo kazi, sukari inatoka na mkojo.

Basi si tuchemshe tu maganda? Hapana. Florizini huvunjika tumboni, tena inaharisha. Wanakemia waliibadilisha muundo, ndipo ikaja dapagliflozini, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2012. Hata uzito hupungua kidogo, maana sukari inayotoka ni chakula kinachotoka. Kutoka ganda hadi kidonge: miaka 177.

Mama alinyamaza, halafu akasema: "Kumbe hata kiwandani wanaanzia kwenye mti."

Kesho yake akarudia vidonge vyake. Maganda bado anachemsha mara mojamoja, ila sasa anamwambia daktari.