Kujifunza Umeme Mahali Pasipo na Umeme



Katika mtihani wa kidato cha sita nchini Uganda, karatasi ya pili ya fizikia hupima mambo matatu: mwanga, mawimbi, na umeme pamoja na usumaku. Sehemu hii ya tatu huwatoa jasho hata wanafunzi wa shule zenye maabara kamili. Mfikirie basi kijana wa Midia, katika wilaya ya Koboko, pembe ya kaskazini-magharibi ambako Uganda hupakana na Kongo na Sudani Kusini. Anatakiwa aeleze jinsi jenereta inavyozalisha umeme, ilhali wazazi wake walikua katika eneo ambalo nyaya za gridi ya taifa hazikufika. Anapokwama katika hesabu usiku, amwendee nani?

Huenda ukadhani kwamba jibu ni la mtu binafsi: ajitahidi, au atafute fedha za tuisheni. Naomba tulitazame swali hili kwa jicho la historia, kwa maana upungufu wa msaada katika somo fulani haukuota wenyewe kama uyoga. Una chanzo chake, na una watu waliowahi kuukabili kabla yetu.

Tuanze na ardhi yenyewe. Eneo la West Nile lilikuwa sehemu ya Lado, nchi iliyoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909. Baada yake lilitawaliwa kutoka Sudani, na mwaka 1914 likahamishiwa Uganda. Kwa hiyo liliingia katika nchi mpya kutoka pembezoni, na pembezoni likabaki. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa huko Jinja, mahali Mto Nile unapotoka Ziwa Viktoria. Kabla ya uhuru wa mwaka 1962, umeme wa Jinja ulikuwa umekwisha kuvuka mpaka na kuingia Kenya. West Nile, eneo linaloitwa kwa jina la mto huohuo, halikuunganishwa.

Miaka ikapita. Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin, ambaye ukoo wake ulihusishwa na Koboko, iliangushwa. Kuanzia mwaka uliofuata, wakazi wengi wa West Nile walilazimika kukimbilia Sudani na Zaire kwa sababu ya mapigano na visasi, na wakulima wasio na hatia walilipa deni lisilokuwa lao. Shule zilifungwa, vitabu vikapotea, walimu wakatawanyika. Hata hivyo, huko uhamishoni wakimbizi hawakungoja kila kitu kiletwe na wageni. Walifungua shule zao wenyewe, na walimu waliokuwa wakimbizi wakawafundisha watoto waliokuwa wakimbizi. Kumbuka jambo hili, kwa kuwa nitalirudia.

Waliporejea nyumbani, umeme bado haukuwepo. Mnamo mwaka 2003 kampuni iitwayo WENRECo ilipewa jukumu la kusambaza umeme katika West Nile, ikianza na jenereta za mafuta. Mwaka 2012 kituo kidogo cha maji cha Nyagak, chenye uwezo wa megawati 3.5, kilianza kazi. Gridi ya taifa yenyewe ilifika West Nile mwaka 2024, kwa njia ya volti 132,000. Hesabu mwenyewe: tangu kufunguliwa kwa bwawa la Jinja ilipita miaka 70.

Katika kipindi hicho hicho serikali ilipanua milango ya shule. Katikati ya miaka ya 2000, fizikia, kemia na baiolojia zilifanywa masomo ya lazima katika sekondari ya chini. Mwaka 2007 ulianza mpango wa elimu ya sekondari kwa wote, na mwaka 2012 mpango huo ukafikishwa kidato cha tano na cha sita. Hizo zilikuwa hatua njema. Lakini kuliweka somo katika ratiba si sawa na kumweka mwalimu darasani, wala kumweka mwalimu darasani si sawa na kuwa na maabara. Kisha ukaja ugonjwa wa UVIKO-19. Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Masomo yalipohamia redioni, kwenye televisheni na kwenye simu, aliyekuwa na umeme na fedha za intaneti aliendelea kusoma. Asiyekuwa navyo alisubiri.

Katika pengo kama hilo ndipo biashara ya tuisheni hustawi. Sisemi kwamba mwalimu anayelipwa kwa kazi ya ziada anatenda kosa. Naye ana watoto wa kulisha. Lakini Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 30, inasema kuwa watu wote wana haki ya kupata elimu. Ikiwa sura ngumu za kitabu hufundishwa vizuri kwa wale tu wanaolipa mara ya pili, haki hiyo imekatwa nusu, na nusu iliyobaki ni ile rahisi.

Je, kuna njia nyingine? Hapa nakuomba tusafiri hadi London, zaidi ya miaka 200 iliyopita, kwa mtu ambaye ugunduzi wake ndio unaokusumbua katika karatasi ya pili.

Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791. Baba yake alikuwa mhunzi, na yeye hakupata elimu ya shule ila kidogo sana. Alipofikia umri wa miaka 14 aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, akawa anavisoma vile alivyovijalidi. Mwaka 1810 alitaka kuhudhuria mihadhara ya sayansi iliyotolewa jioni nyumbani kwa mwalimu mmoja, John Tatum. Ada ilikuwa shilingi moja kwa kila mhadhara. Faraday hakuwa nayo. Aliyemlipia ni kaka yake Robert, mhunzi kama baba yao. Katika mikutano hiyo vijana wa kazi za mikono walifundishana kwa zamu. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kumsikiliza mwanakemia mashuhuri Humphry Davy. Faraday aliandika aliyoyasikia, akayajalidi vizuri, akampelekea Davy kitabu hicho. Mwaka 1813 Davy alimwajiri kuwa msaidizi wake. Na mwaka 1831 Faraday alionyesha kwamba sumaku inayosogea karibu na koili ya waya huzalisha mkondo wa umeme. Jenereta za Jinja na za Nyagak zinazunguka kwa kanuni hiyo.

Tazama ni mikono mingapi ilimwinua: kaka mwenye shilingi, mwenye nyumba aliyefungua mlango, rafiki aliyeeleza somo, mteja aliyetoa tiketi. Wakimbizi wa West Nile waliofungua shule zao walifanya jambo la namna hiyohiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa turudi Midia, tukiwa na swali lililo wazi zaidi: msaada wa kweli katika umeme na usumaku unafananaje?

Kwanza, huanza na vitu vilivyopo. Dinamo ya baisikeli ni maabara ndogo. Ndani yake sumaku huzungushwa karibu na koili. Ukiendesha polepole, taa hufifia; ukiongeza kasi, hung'aa, kwa sababu volteji inayozalishwa hutegemea kasi ya mabadiliko ya sumaku ndani ya koili. Washa taa, kisha uizime: utahisi kwamba pedali ni nzito zaidi taa inapowaka. Mkondo unaozalishwa huipinga ile harakati iliyouzalisha. Hiyo ndiyo kanuni ya Lenz, nawe umeisoma kwa miguu yako.

Pili, njia ya volti 132,000 ni swali la mtihani lililosimama juu ya nguzo. Kwa nini volti nyingi hivyo? Ukiongeza volteji mara mbili huku nishati inayosafirishwa kwa kila sekunde ikibaki ileile, mkondo hupungua hadi nusu. Joto linalopotea katika nyaya hutegemea mraba wa mkondo, hivyo hasara hushuka hadi robo. Mwanafunzi aliyeelewa hili hatakariri tu. Atajua kwa nini umeme unaotoka mbali unaweza kufika Koboko.

Tatu, lugha yenyewe inaweza kuwa mwalimu wa ziada. Mtihani huandikwa kwa Kiingereza, lakini watu wa Koboko wamekuwa wakikitumia Kiswahili sokoni, mpakani na jeshini kwa vizazi vingi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa kamusi ya istilahi za sayansi mwaka 1990, na maneno yake yanafikirisha. Mkondo ni maji yaendayo mtoni, na pia umeme uendao katika waya. Ukinzani umetokana na kukinza, yaani kupinga. Uga ni uwanja ulio wazi. Basi uga sumaku ni ule uwanja ambamo nguvu ya sumaku hutenda kazi. Mwenye kuyatafakari maneno haya kabla ya kuandika fomula ana mahali pa kusimama.

Mwisho, msaada humtaka anayeuomba awe amefanya sehemu yake. Kuuliza si ujinga, lakini usiende kwa mwalimu au kwa mwenzako na kusema tu, "Sielewi umeme." Nenda na swali moja, na karatasi inayoonyesha ulipofika na ulipokwama. Faraday hakumwandikia Davy maneno matupu. Alimpelekea kazi yake.

Nami nawaambia wale ambao tayari mmevuka: kama umeielewa sura moja ya usumaku, mtafute mmoja aliye nyuma yako umweleze bila malipo. Wakati huohuo, kama raia, tusichoke kuuliza kwenye mikutano ya wazazi na ya halmashauri: shule yetu ina mwalimu wa fizikia? Ina maabara? Waya uliofika mjini umefika darasani? Kusaidiana kwetu hakuiondolei serikali wajibu wake, wala wajibu wa serikali si udhuru wa kumwacha jirani akae peke yake na swali lake.

Maswali ya kutafakari

1. Kwa nini West Nile lilichelewa kuunganishwa na gridi ya taifa? Taja matukio mawili ya kihistoria yanayoweza kusaidia kueleza hali hiyo.
2. Tofautisha haki ya kuandikishwa shuleni na haki ya kufundishwa vizuri. Je, ibara ya 30 inatosheka na ile ya kwanza pekee?
3. Eleza kwa Kiswahili, bila kutumia fomula, kwa nini pedali ya baisikeli huwa nzito taa ya dinamo inapowaka.