Utafutaji wa anwani kwa GPS

Utafutaji wa anwani kwa GPS ni kazi ya kugeuza anwani iliyoandikwa kwa maneno na namba kuwa mahali halisi kwenye ramani, kisha kuonyeshwa njia ya kufika hapo kwa msaada wa kifaa kinachopokea mawimbi ya satelaiti. Kifaa hicho kinaweza kuwa kimefungwa ndani ya gari, kinaweza kushikwa mkononi, au kuwa simujanja. Kazi hiyo hutumiwa kila siku na madereva wa teksi na bodaboda, wasambazaji wa mizigo, watalii, na hasa magari ya wagonjwa na ya zimamoto, ambayo kuchelewa kwake kunaweza kugharimu maisha ya mtu.

Historia

GPS ni mfumo wa Marekani. Satelaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ulikamilika mwaka 1995 ukiwa na satelaiti 24. Mwanzoni usahihi wa mawimbi yaliyotolewa kwa raia ulipunguzwa makusudi, hata kifaa kiliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Kizuizi hicho kiliondolewa Mei 2000 kwa amri ya rais Bill Clinton, na tangu hapo matumizi ya kiraia yalienea haraka. Siku hizi simujanja iliyo mahali pa wazi huonyesha ilipo kwa tofauti ya mita 5 hivi.

Namna inavyofanya kazi

Satelaiti hazijui jina la mtaa wowote. Kifaa hupokea mawimbi yake na kukokotoa majiranukta yake chenyewe, yaani latitudo na longitudo. Kazi hiyo haihitaji intaneti. Intaneti huhitajika kwa kupakua ramani ikiwa haikuhifadhiwa mapema. Anwani hutafutwa katika hifadhidata ya ramani, ambayo hutoa jibu kwa njia mojawapo kati ya tatu:

- Nukta kamili: nyumba imeshaandikishwa pamoja na majiranukta yake.
- Ukadiriaji: ramani inajua tu namba zinapoanza na zinapoishia. Kama kipande cha barabara kina namba 1 hadi 99, namba 25 huwekwa kwenye robo ya urefu wake, hata kama nyumba hiyo iko mbele zaidi.
- Katikati ya eneo: nyumba wala barabara haikupatikana, hivyo alama huwekwa katikati ya kata, mji au eneo la postikodi.

Njia zote tatu huonyeshwa kwa alama ileile kwenye kioo, na mtumiaji hawezi kujua kwa urahisi ni ipi iliyotumika.

Sababu za kutopata anwani

Kwa kawaida kosa liko katika ramani au katika namna ya kuandika anwani, si katika satelaiti.

Majina yanayofanana ni sababu ya kwanza. Katika Queens, sehemu ya jiji la New York, kuna 60th Street, 60th Avenue, 60th Road, 60th Place na 60th Lane. Neno moja likiachwa, dereva hupelekwa kwingine. Namba za nyumba huko pia huandikwa kwa kistari katikati, na kukiondoa kunaweza kuvuruga utafutaji.

Sababu ya pili ni taratibu tofauti za kuhesabu nyumba. Mjini Venisi namba hufuatana katika wilaya nzima badala ya mtaa mmoja mmoja, na hufika maelfu. Nchini Japani barabara nyingi hazina majina. Anwani hutaja eneo, kitalu na namba ya jengo. Kwa sababu hiyo vifaa vya magari vya Kijapani humruhusu dereva kutafuta mahali kwa namba ya simu, au kwa namba maalumu ya ramani.

Sababu ya tatu ni mwisho wa safari. Kifaa humpeleka dereva kwenye barabara iliyo karibu zaidi na alama, si lazima kwenye barabara yenye geti. Hivyo mtu anaweza kufikishwa nyuma ya ukuta, au ng'ambo ya reli au mto, na kuambiwa kwamba amefika.

Aidha, majengo marefu huakisi mawimbi na kukifanya kifaa kijione kiko mtaa wa jirani.

Mbinu za kutafuta

Anwani isipopatikana, hatua zifuatazo husaidia:

- Kuanza na mji au kata, kisha mtaa, na mwisho namba.
- Kujaribu tahajia nyingine, kifupi cha jina, au jina la zamani la barabara.
- Kutafuta njiapanda iliyo karibu, au alama inayojulikana kama shule, msikiti, kanisa, soko au kituo cha mafuta.
- Kulinganisha ramani na picha ya satelaiti ili kuona geti liko upande gani.
- Kumwomba mwenyeji atume mahali alipo kutoka kwenye simu yake, akiwa amesimama nje, mlangoni.
- Kutumia majiranukta yenyewe.

Majiranukta hushinda anwani kwa usahihi: tarakimu tano baada ya nukta hufikia kiasi cha mita 1. Lakini huadhibu kosa dogo. Dar es Salaam iko karibu na -6.82, 39.28. Alama ya kutoa ikisahauliwa, mahali panapopatikana ni kusini mwa Ethiopia. Namba mbili zikibadilishana nafasi, ni magharibi mwa Hispania.

Ili kupunguza makosa hayo, misimbo mifupi imebuniwa. Plus Codes, iliyotolewa na Google mwaka 2014, hutumia herufi na tarakimu 20 tu, bila irabu, ili misimbo isiunde maneno. Msimbo wa tarakimu 10 huonyesha eneo la takriban mita 14 kwa 14. what3words, iliyoanzishwa London mwaka 2013, hupa kila mraba wa mita 3 kwa 3 maneno matatu. Imelaumiwa kwa kuwa maneno yanayofanana kwa sauti yanaweza kukanganywa kwenye simu.

Afrika Mashariki

Kwa muda mrefu anwani nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa za sanduku la posta, ambazo huonyesha barua ichukuliwe wapi, si mtu anakoishi. Wageni walielekezwa kwa alama: baada ya mwembe, kushoto kwenye duka, nyumba ya bati la kijani. Maelekezo hayo hufaa kwa mwenyeji, lakini kifaa hakiyaelewi, na mwembe ukikatwa hayafai tena.

Nchini Tanzania, postikodi ya tarakimu tano huonyesha kata. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwezi Agosti, ilifanyika operesheni ya kuyapa majengo namba na barabara majina nchi nzima. Taarifa hizo zinapatikana kupitia programu ya NaPA. Jijini Kigali, majina ya barabara huanza na KN kwa wilaya ya Nyarugenge, KG kwa Gasabo na KK kwa Kicukiro, pamoja na namba.

Wananchi pia huchora ramani wenyewe. OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, humruhusu yeyote kuongeza barabara na majengo. Jijini Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi katika kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko, ikiwemo vichochoro na mifereji ambavyo havikuwemo katika ramani za awali. Nyumba ikishawekwa hivyo kwenye ramani, gari la wagonjwa linaweza kuifikia hata kama dereva ni mgeni wa mtaa huo.