Mizani ya Pamba

Sisi tukaao Kisesa, kando ya barabara iendayo Mwanza na Musoma, twaijua pamba tangu mbegu hata gunia. Lakini vijana wengi hawajui jinsi wazee wetu walivyoifanya kuwa biashara yao wenyewe. Habari hiyo yamfaa kila mtu atakaye kufungua duka au kazi yo yote, hata iwe ndogo namna gani.

Baada ya vita kuu ya pili kwisha mwaka 1945, Waafrika wenye maduka madogo katika Mwanza walikuwa na shida. Kila mmoja alikuwa na fedha kidogo, na mwenye fedha kidogo hununua bidhaa kidogo kwa bei kubwa, kisha hana faida auzapo. Basi wakafanya shauri, wakaungana katika chama cha ushirika, wapate kununua pamoja. Hata mwaka 1947 wakamweka kijana mmoja kuwa katibu wao, jina lake Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925 katika nchi ya Musoma, mwana wa mhubiri, naye alikuwa karani katika machimbo ya almasi ya Mwadui. Alipoishika kazi ile alikuwa na umri wa miaka 22 tu.

Wakati huo wakulima nao walikuwa na manung'uniko yao. Mtu alilima, akapalilia, akachuma, akatenga pamba safi mbali na fifi, akajitwika mzigo mpaka kwa mnunuzi. Huko mnunuzi ndiye aliyepima, ndiye aliyesoma mizani, tena ndiye aliyehesabu fedha. Mkulima asiyejua kusoma tarakimu alipokea alichopewa, akarudi kwake na mashaka moyoni. Ratili chache zikipunguka katika kila mzigo, mwisho wa msimu ni hasara kubwa. Maana bandu bandu huisha gogo.

Je, walifanyaje? Hawakuanza kwa kujenga kinu, wala hawakuwa na fedha za kununua pamba. Walianza na neno dogo: kumweka mtu wao karibu na mizani, ajuaye kusoma, aangalie uzani wa kila mzigo. Kazi hiyo haikuwa na fahari, bali ilitaka mtu mwaminifu na mvumilivu wa jua. Lakini mkulima alipoona ratili zake zimelindwa, alijua faida ya umoja kwa macho yake.

Ndipo Bomani na wenzake wakazunguka katika nchi wakiwaunganisha wakulima, kikapatikana chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Mwaka 1953 Bomani alikwenda Loughborough, Uingereza, kujifunza mambo ya ushirika. Mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Na kufikia mwaka 1959 pamba ya jimbo zima ilinunuliwa kwa njia ya vyama vya wakulima, navyo vilikuwa na vinu vyao wenyewe. Chama hicho kilihesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika.

Lakini habari haikuishia hapo. Chama kilipokuwa kikubwa, wanachama wengi waliacha kukiangalia, wakidhani kitajiangalia chenyewe. Gharama zikazidi, na malalamiko juu ya hesabu yakaongezeka katika ushirika wa nchi nzima, hata mwaka 1966 serikali ikaweka tume kuuchunguza. Mwaka 1968 mahali pa chama kile pakashikwa na Nyanza Co-operative Union. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vya ushirika vya wakulima, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha.

Basi tujifunze. Wazee wale hawakungoja mtaji mkubwa. Waliitazama hasara iliyokuwa mbele ya macho yao, wakaanza kuiziba hapo hapo. Nguvu yao ilikuwa katika jicho lililoangalia mizani. Jicho lile liliposinzia, biashara ikaanza kudhoofika, ingawa vinu vilikuwa vikinguruma. Wewe uanzaye leo na meza ya dagaa au cherehani moja, andika kila senti iingiayo na itokayo, tena usiache kuandika siku utakapofanikiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.