Mkono mmoja, glavu moja: namna Jim Abbott alivyofika chuo kikuu

Jim Abbott alizaliwa tarehe 19 Septemba 1967 mjini Flint, jimbo la Michigan nchini Marekani, mji wa viwanda vya magari. Mkono wake wa kulia haukuwa na kiganja. Wazazi wake walikuwa vijana wa miaka 18 tu. Utotoni alivalishwa mkono bandia wenye ndoana ya chuma, hakuupenda, akauacha.

Kwa wasioujua mchezo wa besiboli: mtupaji anarusha mpira kwa nguvu, mpinzani anaupiga kwa gongo, na mara nyingine mpira unamrudia mtupaji mwenyewe kwa kasi ya kutisha. Kwa hiyo anahitaji mkono mmoja wa kurushia na wa pili uliovaa glavu ya kudakia.

Yeye na baba yake walitafuta njia. Glavu iliegemezwa kwenye ncha ya mkono wa kulia. Akisharusha kwa kushoto, anaingiza vidole upesi ndani ya glavu, anadaka, anaibana kifuani kwa mkono wa kulia, anachomoa mpira na kuurusha tena. Alijizoeza kwa kurusha mpira kwenye ukuta wa matofali, na kadiri alivyozoea ndivyo alivyosogea karibu ili umrudie haraka zaidi. Pengine ukuta ule ulimfundisha kuliko makocha wengi.

Wapinzani wa shule ya sekondari waliugusa mpira polepole makusudi ili uanguke karibu naye, wakidhani hatauweza. Aliuokota na kuwatoa mchezoni.

Mwaka 1985 timu ya Toronto Blue Jays ilimchagua, lakini katika raundi ya 36, yaani nyuma ya mamia ya vijana wengine. Alikataa mkataba, akaenda Chuo Kikuu cha Michigan. Uamuzi huo haukuwa mwepesi kwa kijana wa familia ya kawaida, kwa sababu pesa ilikuwa mezani na bega la mtupaji linaweza kuharibika siku yoyote. Ila chuoni alipata miaka mitatu ya kukomaa: alishinda michezo 26, akapoteza 8. Mwaka 1987 aliishinda Cuba kwao Havana. Mwaka 1988, kwenye Olimpiki ya Seoul, alitupa mchezo wa fainali ambao Marekani iliifunga Japani 5-3.

Mwaka huohuo California Angels walimchagua katika raundi ya kwanza, na mwaka 1989 akaingia ligi kuu moja kwa moja, bila kupitia ligi za chini. Tarehe 4 Septemba 1993, akiwa na New York Yankees, alimaliza mchezo mzima dhidi ya Cleveland bila mpinzani hata mmoja kupata pigo safi.

Mambo hayakuwa mazuri siku zote. Mwaka 1996 alishinda mara 2 tu na kushindwa mara 18. Hata hivyo, katika miji aliyochezea, wazazi waliendelea kumletea watoto wao waliokosa mkono au vidole, naye alikaa nao na kuzungumza nao kabla ya mchezo.